Seva Ndani ya Tranka

Mashine ilizimika mbele ya vijiji viwili.

Haikuzimika kwa adabu, kwa kufifia taratibu, la. Ilikuwa inanguruma juu ya meza ya shule, feni zake zikitema joto kama mdomo wa tanuri la mikate, halafu puu, kimya. Jenereta lilikohoa, likaendelea kuzunguka kama hayalihusu. Watu wa Mareni waliokaa upande wa kushoto wakainuka. Watu wa Kidundai waliokaa upande wa kulia wakainuka pia, kwa sababu katika mkutano ule hakuna upande uliokuwa tayari kubaki umekaa wakati mwenzake amesimama. Wakaanza kurushiana maneno kwa Kirangi. Kirangi sikijui, ila hasira yao niliisikia vizuri sana.

Bi Joha peke yake hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na meza tangu asubuhi, mkono mmoja juu ya kifuniko cha tranka langu, lile la bati lililobeba mashine. Akanitazama.

"Imekufa?"

"Imezimika, bibi. Haijafa."

"Iwashe basi. Jua linakwenda."

Lilikuwa linakwenda kweli, na sote tulijua maana yake. Wacha nieleze kilichokuwa kinagombewa. Kati ya Mareni na Kidundai, huko vilimani upande wa Kondoa, kuna bonde la udongo mweusi, ardhi ambayo ukichomeka kijiti kinachipua. Wazee wao walikubaliana zamani kwamba mpaka ni korongo: ng'ambo hii yenu, ng'ambo ile yetu. Halafu zikaja zile mvua kubwa za El Nino, maji yakajichimbia njia nyingine, na korongo la zamani likajaa mchanga mpaka juu. Watu wakalima juu yake. Waliolijua vizuri wakafa mmoja mmoja, na waliobaki wakasahau. Sasa kila kijiji kilikuwa na korongo lake mdomoni, na kila korongo lilipita pale palipompendeza msemaji.

Shamba la mbaazi la Bi Joha wa Mareni, alilorithi kwa mama yake, lilikuwa katikati ya ugomvi wenyewe. Msimu uliotangulia kijana mmoja alikatwa panga la mkono humo humo shambani. Mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia, na pande zote mbili zilikuwa zimeapa kwamba zikianza, watashuka bondeni na mapanga kwanza, majembe baadaye.

Ramani ilishachorwa mara moja. Kampuni fulani ilikuja, ikapima, ikaenda zake mjini, ikarudi na karatasi yenye mstari uliopita mahali ambapo hata mbuzi wa vijiji vyote viwili wangecheka. Makosa? Mkono wa mtu? Nani ajue. Ndipo Bi Joha aliposimama mkutanoni akasema: "Mimi mahindi yangu nikiyapeleka mashineni nayasimamia mwenyewe mpaka unga uingie kwenye ndoo yangu. Ukigeuka tu, unarudishiwa unga wa mwenzio, mapumba matupu. Na ramani tutaisimamia. Isagwe hapa hapa, siku moja, tukiona kwa macho." Kidundai, ambao hawakuwahi kukubaliana na Bi Joha hata juu ya mwandamo wa mwezi, wakajibu kwa pamoja: isagwe hapa hapa.

Aliyenisimulia hayo ni Luka, mpima ardhi, Mgogo wa Chamwino, mtu mtaratibu mpaka unaweza kudhani anasinzia. Alinikuta dukani kwangu, Majengo, Dodoma mjini. Mimi naitwa Anifa. Natengeneza kompyuta, na najua kuzitengeneza. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Haya, na kwa kujisifu kidogo.

"Anifa," aliniambia, "nitarusha droni, itapiga picha bonde zima, maelfu ya picha. Kompyuta ikizilinganisha zote inaweza kukokotoa mwinuko wa kila mahali. Korongo lile limefukiwa, lakini mchanga huwa unatitia. Ukisimama pale huoni kitu. Hesabu itaona."

"Sasa shida iko wapi?"

"Laptopu yangu itahitaji siku mbili, na kwa joto lile itaungua kabla. Kazi hii ni ya seva. Nataka seva ninayoweza kuipakia kwenye gari, niiweke mbele ya watu, imalize kabla jua halijazama."

Nilicheka. Seva ni lile kompyuta la ofisini linalokaa kwenye chumba chake lenyewe, na kiyoyozi chake, kama mkuu wa idara. Halisogezwi. Linalia feni mchana kutwa na hakuna anayethubutu kuligusa. Luka alikuwa ananiomba nimchukue mkuu wa idara nimtie kwenye kapu.

Alipoondoka nikaacha kucheka, maana nilishaanza kufikiri. Miaka ile ofisi nyingi zilikuwa zinahamia Dodoma, na zikihamia zinatupa. Nilikuwa nimenunua mnadani seva kuukuu kadhaa ambazo hakuna fundi mwingine aliyezitaka, nikazirundika stoo. Watu walisema nakusanya vyuma. Nikaingia stoo siku ile ile. Nikachagua bodi moja yenye prosesa mbili, ubongo mara mbili kwa lugha nyepesi, nikaijaza kumbukumbu, vile vijiti vinavyoshika hesabu inapofanyika, nilizochomoa kwenye wenzake wote. Nikauondoa ule mwili wake mrefu wa bati zito. Kilichobaki kilikuwa kipana kidogo kuliko sinia la pilau, na nguvu zake zote zimo.

Tatizo likawa feni. Feni za seva ni ndogo, zinapiga kelele kama nyuki waliochokozwa, basi nikaweka kubwa zinazokwenda polepole. Loo! Seva ina wasiwasi kuliko mama mkwe. Ikihesabu mzunguko wa feni ikaona uko chini, inaamini feni inakata roho. Inashtuka, inazipiga zote mbio mpaka mwisho, inaona zimepona, inatulia, inahesabu tena, inashtuka tena. Kutwa dukani ikawa vuuum, kimya, vuuum, kimya. Muuza chipsi wa jirani akaja kuniuliza nimeanza lini kufuga simba. Nilihangaika nayo mpaka nikaingia kwenye ile sehemu ya bodi isiyolala, inayolinda afya ya mashine nzima, nikaiandikia viwango vipya: feni hizi ndivyo zilivyo, mwendo huu ndio uzima wake, tulia. Ikatulia. Nilipiga vigelegele peke yangu dukani, na muuza chipsi akaja tena.

Ilibaki nyumba yake. Baba yangu, Mzee Halfani, ni fundi bati. Babu zake walikuja na misafara ya pembe za ndovu, wakachoka kutembea, wakabaki hapa kufanya biashara, na yeye akaangukia kwenye bati. Ametengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni tangu sijazaliwa. Kazi yangu hakuwahi kuielewa. Aliiita kazi ya kukaa. Nilimkuta barazani na mkasi wake wa kukatia bati, nikampa vipimo.

"Na haya mavidoti pembeni ni nini?" akauliza.

"Matundu, baba. Ya hewa."

"Tranka lenye matundu! Huyo mwanafunzi ataibiwa mpaka sukari."

"Si la mwanafunzi. Ni la seva."

"Seva ndiye nani?"

Tulibishana. Mimi nilitaka alumini, nyepesi. Yeye alisema alumini ni ya sufuria. Mwishowe alifanya alivyotaka kwa bati na nilivyotaka kwa matundu, na kwa ndani nikabana kitambaa cha chandarua kuzuia vumbi, maana vumbi la kwetu linaingia hata kwenye yai. Lilipokamilika akalipanda. Ndivyo anavyopima tranka: analisimamia kwa miguu yote miwili, kofia kichwani, anachezacheza kidogo. Halikulia.

Halafu akaingia ndani na kopo la rangi, akatoka baada ya muda na tranka limepakwa buluu, na juu ya kifuniko, kwa zile herufi za kulala alizoziandikia watoto wa watu miaka yote, ameandika ANIFA HALFANI. Mimi nilisoma shule ya kutwa. Sikuwahi kupewa tranka. Nilisimama pale barazani nikalitazama jina langu, na machozi yakanitoka bila ya kuniomba ruhusa. Baba akajifanya anatafuta kifuniko cha rangi.

Hilo ndilo tranka lililokuwa limezimika Mareni.

Sababu niliijua mara moja. Jenereta tulilotoka nalo Dodoma liligoma njiani, tukaazima la mtu anayepiga muziki kwenye maharusi. Asubuhi lilivumilia. Watu wote walishuhudia droni ikipaa na kutua, walishuhudia picha zikiingia kwenye tranka, na Bi Joha akavuta kigoda chake. Adhuhuri ilipofika hawakukubali kuondoka wote. Waliswali kwa zamu, jamaa ya kwanza nusu Mareni nusu Kidundai, kisha ya pili hivyo hivyo, ili mashine isikose macho ya pande zote. Ilikuwa inasaga vizuri. Lakini hesabu ya mwinuko ndiyo nzito kuliko zote, na ilipofika hapo prosesa zote mbili zikavuta umeme kwa nguvu zake zote, na jenereta la taarabu likashindwa.

Luka alinisogelea. "Unaweza kuiokoa?" alinong'ona. Nilimwona jasho kwa mara ya kwanza.

"Kazi iliyokwishafanyika imehifadhiwa, itaanzia ilipoishia," nikamwambia. "Ila itazimika tena pale pale. Lazima nichomoe prosesa moja."

"Yaani ulifungue tranka? Mbele yao?"

Nikafungua kufuli. Mkutano mzima ukanguruma. Mwenyekiti wa Kidundai, Ibrahimu, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe, akaja mbio mpaka mezani. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wa Bi Joha, shemeji yake kabisa, na tangu kijana yule akatwe panga walikuwa hawajasalimiana.

"Unachomoa nini?" akafoka. "Tumekaa kutwa, sasa ndiyo unachezea? Nani kakutuma?"

Damu ilinipanda. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, njaa, na mtu ananiita mwizi juu ya jina langu lililoandikwa na baba yangu. "Mzee, shikamoo yako nilikupa asubuhi, kwa hiyo sasa nisikilize," nikasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Humu ndani mna midomo miwili. Jenereta hili lina chakula cha mdomo mmoja. Naufunga mmoja, mwingine ule. Picha hazijaguswa, ziko kwenye kisanduku hiki hapa, sikigusi. Anayetaka kuona aje aone, na ninachokitoa nawapa wenyewe mkishike!"

Hata mimi niliishangaa sauti yangu.

"Nipe mimi," alisema Bi Joha.

Basi nikafanya kazi ile ambayo hufanywa kwenye vyumba visivyo na chembe ya vumbi, nikaifanya chini ya jua la Kondoa, vichwa vya vijiji viwili vikiwa juu ya bega langu. Nilitangaza kila nilichokigusa. Hii ni skrubu. Hiki ni chuma cha kupozea. Mikono haikunitetemeka hata kidogo, na hilo naomba liandikwe popote panapoandikwa mambo. Nikainua prosesa, kipande bapa kama biskuti, nikakifuta ute wake wa kijivu wa kupitishia joto, nikamkabidhi Bi Joha. Akakitazama pande zote mbili, akakifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili. Zile kumbukumbu zilizokuwa zinakitumikia nikampa Ibrahimu. Alizipokea kwa viganja viwili kama anayepokea dua, akasahau kufoka.

Nikawasha. Feni zikalia juu, zikahesabiwa, zikatulia. Jenereta likabeba. Hesabu ikaendelea pale ilipoishia, kwa nusu ya nguvu, na sasa sote tulikuwa tunalitazama jua kuliko skrini.

Alasiri ikaswaliwa kwa zamu. Kivuli cha darasa kikafika kwenye miguu ya meza, kikapanda. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Mwanamke mmoja wa Kidundai alileta uji akawapa waliokuwa karibu, akampa na Bi Joha, na Bi Joha akanywa.

Jua lilikuwa limeshagusa mlima Luka aliposema, "Tayari," kwa sauti ile ile ya usingizini. Akaigeuza skrini.

Bonde lilitokea kwa rangi, palipoinuka njano, palipotitia buluu. Na katikati yake, wazi kabisa, ulipita mkanda wa buluu uliopinda, kovu la kitu kilichopona zamani. Korongo. Hakuna aliyeliona kwa miaka na miaka, wametembea juu yake, wamelima juu yake, na sasa lilikuwa limelala pale kwenye skrini yangu. Mzee mmoja wa Kidundai akanyoosha kidole akasema pale kwenye kona palikuwa na mkuyu. Mzee wa Mareni akasema ndiyo, tulikuwa tunaoga pale. Wakatazamana.

Huko juu, korongo liliwarudishia Mareni ardhi ambayo Kidundai walikuwa wameishikilia. Lakini lilipofika kwenye shamba la Bi Joha halikupita pembeni. Lilipita ndani. Lilikata ubavu mzima wa shamba, ule wa udongo mweusi zaidi, likauweka ng'ambo ya Kidundai. Mama yake alikuwa amelima nje ya mpaka bila ya kujua, na yeye baada yake, tangu korongo lilipofukiwa.

Watu wa Mareni wakaanza kuguna. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati mashine ilipozimika. Kama angesema neno moja tu, ramani inadanganya, ingekuwa basi. Wangemfuata. Wangeshuka bondeni usiku ule ule.

Bi Joha alikaa akitazama. Halafu akafungua fundo la khanga yake, akakiweka kile kipande kwenye kiganja.

"Mwanangu, hiki kingekuwamo humo ndani, kazi ingeisha mapema?"

"Ingeisha mapema, bibi."

"Na mstari ungepita pengine?"

Ningeweza kusema sijui. Luka alikuwa ananitazama, na nadhani hata yeye alitamani niseme sijui.

"Hapana, bibi. Ungepita pale pale."

Akaitikia kwa kichwa. Akanirudishia. Kisha akasimama, kwa taabu, magoti yamekufa ganzi kwa kukaa, akawageukia watu wake akasema kwa Kiswahili, nadhani ili mimi na Luka tusikie: "Nimekaa hapa tangu asubuhi, sikutoka hata kwenda chooni. Nimeiona inavyosagwa. Lile ni korongo. Anayetaka kubisha aje abishane na mimi."

Hakuna aliyekwenda kubishana naye.

Nimetengeneza mashine nyingi tangu siku ile. Matranka ya baba sasa yanazunguka mikoa mitatu, na yeye huwaambia wateja wake barazani kwamba seva ni mjukuu wake. Lakini nikiulizwa ni lini nilijua kwamba mimi ni fundi, sisemi siku ilipowaka mara ya kwanza. Nasema ni pale, aliposimama mtu niliyemtia hasara akaitetea kazi yangu. Nilijivuna, na niliona aibu kujivuna juu ya shamba la mtu, na bado nikajivuna.

Luka alisema kigingi cha kwanza kipigwe jioni ile ile, kwenye ubavu wa shamba, wakati mwanga ungalipo. Tukashuka bondeni sote. Tulipofika kwenye mistari ya mbaazi, Luka akaonyesha mahali. Ibrahimu alikuwa na nyundo kubwa. Alisimama hapo akiitazama mimea iliyokuwa imeshabeba, akakohoa.

"Vuna kwanza mbaazi zako, shemeji," alisema. "Ardhi haikimbii."

"Nitavuna," alisema Bi Joha. "Na usinikanyagie hata mche mmoja mpaka nimalize."

"Sikanyagi."

Kigingi kilihitaji mtu wa kukishika wima, maana udongo ule ni laini kwa juu. Watu wakatazamana. Wa Mareni hawakutaka kukishika, wa Kidundai waliona si haki wakishike wao. Bi Joha akakunja khanga yake, akapiga magoti kwenye udongo wake mweusi, akakikumbatia kigingi kwa mikono yote miwili, chini kidogo tu ya mahali pa kupigwa.

Ibrahimu akainua nyundo. Akaishusha bila ya kupiga. Akaitazama ile mikono.

"Piga, shemeji," alisema Bi Joha. "Nimeshika."

Akapiga.